Naomba ushauri: nesi wa kambi ya ranchi Colorado, wiki sita, peke yangu

MamaWawili_Houston

Wakuu, habari zenu. Mimi ni nesi mwenye leseni, nina miaka saba kazini, mitano ya mwisho wodi ya upasuaji, zamu za usiku hapa Houston. Nyumbani ni Karatu. Nina watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume miaka 8.

Mwezi uliopita mzazi mmoja wa shuleni kwa wanangu aliniunganisha na kambi ya watoto iliyo kwenye ranchi ya farasi, milimani Colorado. Wanatafuta nesi wa kiangazi, wiki sita kuanzia katikati ya Juni. Kila awamu ina watoto wapatao 120, wa miaka 8 hadi 16. Wanapanda farasi kila siku, wanalala kwenye vibanda vya mbao, na wale wakubwa wanakwenda kulala porini siku mbili. Malipo ni dola 850 kwa wiki, chumba nyuma ya zahanati, chakula, na wanangu wote wawili wanaingia kambini bure. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Ada ya pale siiwezi, na hawa watoto wamekulia ghorofani. Babu yao alichunga ng'ombe maisha yake yote, wao hawajagusa mnyama mkubwa kuliko mbwa.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Wodini mgonjwa akibadilika nabonyeza kitufe, na kabla sijahesabu mia moja chumba kimejaa watu. Kule hospitali iko mwendo wa saa moja na dakika ishirini, nusu ya barabara ni vumbi, na simu inashika kwa kubahatisha. Nesi ni mmoja. Tena sijahudumia watoto tangu nikiwa mwanafunzi.

Meneja wangu ameshakubali likizo bila malipo. Kambi wananisubiri hadi Ijumaa. Aliyewahi kufanya kazi hii aniambie ukweli, niende?

Wa_Eldoret

Dada, nimefanya hiyo kazi misimu miwili, kambi ya farasi kule Montana. Wacha nikuambie siku inavyokwenda.

Unaamka saa kumi na moja na nusu. Kabla ya chai kuna foleni ya dawa. Utashangaa ni watoto wangapi wanakuja na dawa za kila siku: za umakini, za pumu, za mzio, za wasiwasi. Kila dawa iwe kwenye chupa yake yenye lebo ya duka la dawa. Mzazi akikuletea vidonge kwenye kimfuko cha plastiki, mrudishie palepale langoni. Zile za umakini zinadhibitiwa kisheria, kwa hiyo ni kufuli mbili na kuhesabu ukiwa na mtu wa pili, kila siku. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na ndugu wawili wa jina moja la ukoo, nikabaki nukta moja tu nimpe mdogo dawa ya mkubwa. Tangu siku hiyo kila karatasi ya dawa niliibandika picha ya mtoto. Fanya hivyo kuanzia siku ya kwanza.

Mchana ni michubuko, malengelenge, jua, na walioanguka kutoka kwenye farasi. Aliyegonga kichwa harudi kwenye tandiko siku hiyo, hata alie vipi, na kofia iliyopata pigo inatupwa hata kama huoni ufa. Jioni wanakuja wenye kuumwa tumbo bila homa wala kuhara. Sisi tuliosoma bweni tunaujua huo ugonjwa, ni kumkumbuka mama. Usiukimbilie kwa Panadol kama matroni wetu walivyofanya. Mkalishe, mpe maji, mwulize jina la farasi wake.

Lakini swali lako ni la usiku, na usiku ulikuwa mgumu kwangu kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye kisukari aina ya kwanza. Amepanda farasi kwa saa nne mchana, sukari iko sawa wakati wa chakula cha jioni, halafu inashuka saa nane za usiku akiwa amelala. Wiki mbili niliamka kila usiku kumpima. Kwa hiyo waombe fomu za afya za watoto kabla hujasaini. Idadi ya watoto 120 haikuambii kitu. Uliza wangapi wana kisukari, wangapi wana kifafa, wangapi wamewahi kupata mzio wa kuziba koo.

Nesi_wa_Dharura_MN

Nitatofautiana na wengi humu. Mimi niko idara ya dharura ya watoto hapa Minnesota, na ushauri wangu ni usiende mwaka huu ukiwa peke yako.

Chukua mfano mmoja. Mtoto ana mzio wa karanga, anakula biskuti ya mwenzake. Unamchoma adrenalini pajani, anapata nafuu. Dozi ya kwanza inaweza isitoshe, na ya pili inaweza kuhitajika baada ya dakika tano hadi kumi na tano. Hata akitulia kabisa, hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hospitali ni lazima. Sasa piga hesabu kwa saa moja na dakika ishirini za barabara. Sindano anazokuja nazo mtoto mwenyewe hazitoshi kukupa amani. Kambi inatakiwa iwe na akiba yake, na nyingine itembee na kundi linalolala porini. Hali hiyo mtu wa wodi ya watu wazima anaweza kuimudu, ila awe amejiandaa. Kozi ya kuokoa maisha ya watoto, yaani PALS, unayo?

MamaWawili_Houston

Sina, dada. Nina BLS tu, ile kozi ya msingi ya kuokoa maisha. Na nakushukuru kwa kusema wazi.

Nesi_wa_Dharura_MN

Ichukue kabla ya Juni, ni siku mbili. Kama utapata na ile ya huduma ya kwanza ya porini, ni saa 16 hivi, ichukue pia. Halafu waulize maswali haya kwa maandishi. Nani daktari wa kambi, na maagizo ya kudumu ameyasaini? Bila hayo huna mamlaka ya kutoa dawa ambayo mtoto hakuja nayo. Helikopta ya wagonjwa inatua wapi, na nani anajua kuielekeza? Simu ya mezani au ya setilaiti ipo? Usiku ukiwa njiani na mgonjwa mmoja, nani anabaki na watoto 119? Hilo la mwisho wasipokuwa na jibu, usiende.

Mzee_wa_Dallas

Binti yangu, mimi si mtu wa afya, ni mhasibu, lakini nimewasaidia vijana wengi kusoma mikataba.

Sheria ya shirikisho inaziruhusu kambi za msimu, zile zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka, zisilipe ovataimu wala kima cha chini cha mshahara. Kwa hiyo hiyo dola 850 ni hiyo hiyo, ulale kwa saa nane au usilale kabisa. Dai siku moja ya mapumziko kila wiki iandikwe, pamoja na jina la atakayekushikia zahanati siku hiyo. Bima ya makosa ya kitaaluma kata ya kwako mwenyewe. Ya kambi inailinda kambi kwanza.

Leseni: Texas na Colorado zote zimo kwenye mkataba wa leseni ya majimbo mengi. Ingia Nursys, tovuti ya kuhakiki leseni za manesi, uhakikishe yako imeandikwa hivyo. Ingekuwa California ungeanza maombi upya.

Jambo lingine nalisema kwa uchungu. Tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulifurika alfajiri hapa kwetu Texas na kuwachukua watoto wakiwa kambini. Uliza vibanda viko umbali gani na maji, na nani anakesha kusikiliza tahadhari za hali ya hewa. Wanao pia watalala humo.

Mama_Denver

Karibu Colorado mdogo wangu. Mambo mawili ya huku ambayo Houston hamna.

La kwanza ni mwinuko. Mtoto aliyetoka usawa wa bahari akilala mita 2,500, siku mbili za mwanzo anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kukosa usingizi. Wewe mwenyewe pia. Maji, kupumzika, hakuna safari ndefu siku ya kwanza. Akizidi, ashushwe chini, usingoje kesho.

La pili ni panya. Vibanda vimefungwa tangu vuli, panya wamezaa humo. Mlipuko wa virusi vya hanta wa 1993 ulitokea pale majimbo manne yanapokutana, Colorado likiwemo, na ugonjwa huo unashambulia mapafu na unaweza kuua kwa kasi. Usimwache mtu afagie kinyesi kikavu. Fungueni madirisha nusu saa, vaeni glavu, mnyunyizie dawa ya klorini (ile tunayoiita Jik nyumbani), sehemu moja kwa tisa za maji, subirini dakika tano, kisha mfute kwa karatasi. Fika siku tatu kabla ya watoto usimamie hilo kwa macho yako.

Kupe pia wapo. Mng'oe kwa kibano, moja kwa moja juu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta.

Nesi_Dodoma

Samahani kuingilia uzi. Mimi ni nesi hapa Dodoma. Naweza kuja kwa visa ya kambi ya J-1 nifanye kazi hiyo?

Wa_Eldoret

Mdogo wangu, hiyo visa ni ya walezi wa watoto, haikupi ruhusa ya kuhudumia wagonjwa. Kwa uuguzi unahitaji mtihani wa NCLEX na leseni ya jimbo kwanza. Ni safari ya miaka, si ya kiangazi. Anayekuuzia njia ya mkato usimpe pesa.

MamaWawili_Houston

Wakuu, nimerudi. Niliwaandikia maswali yote na mkurugenzi alinipigia jana, tukaongea karibu saa nzima.

Daktari yupo, maagizo yamesainiwa, ameahidi kunitumia nakala. Vibanda viko juu ya kilima. Akiba ya adrenalini walikuwa nayo ya sindano mbili tu. Nikamweleza hesabu ya dada wa Minnesota, akanyamaza kidogo, kisha akasema ataongeza ziwe sita. Watoto wa kisukari ni wawili awamu ya kwanza. Kwenye la nani anabaki usiku, hakuwa na jibu. Nikamwambia basi nami sina jibu.

Asubuhi hii ameandika tena. Kuna kijana wa gari la wagonjwa kutoka mji wa karibu, amesomea huduma ya dharura, watamwajiri alale kambini usiku wote wa msimu. Wamepunguza malipo yangu hadi dola 750 ili wamlipe yeye. Nimekubali, ila kwa wiki tatu, awamu moja na siku za kuandaa vibanda. PALS nimejiandikisha, ni wiki ya pili ya Mei.

Binti yangu ameanza kuniuliza farasi anakula nini. Nimempigia babu yake Karatu waongee.

Mama Denver, nikifika nitakutafuta. Na Wa_Eldoret, ile karatasi yako ya dawa yenye picha, kama bado unayo naiomba.