Utosi wa mtoto mchanga na mifupa ya fuvu
Swali: Ikiwa fuvu la kichwa ni mfupa mgumu, kwa nini utosi wa mtoto mchanga hudundadunda?

Jibu la 1: Pale hapana mfupa, bali pana utando imara unaoziba pengo kati ya mifupa ya paji na ile ya utosini, na mdundo huo hutokana na mapigo ya moyo. Pengo hilo huiwezesha mifupa kupandana kidogo wakati wa kuzaliwa, kisha kwa kawaida huziba kabla ya miaka 2.

Jibu la 2: Niongeze kwamba fuvu la mtu mzima huhesabiwa mifupa 22: 8 huuzunguka ubongo, 14 hujenga uso. Utosi ukivimba mtoto akiwa ametulia, au ukibonyea sana, tafadhali apelekwe hospitali mara moja.