Mjadala: Kwenye dragi za kizamani, bodi ni urembo au ndiyo mbio yenyewe?

Mleta mada:
Wakuu, kuna jambo linanikera. Yakitajwa magari ya dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, kila mtu anakimbilia injini. Hemi (injini ya Chrysler yenye vyumba vya mwako vya nusu tufe) hivi, supachaja (pampu ya kuishindilia injini hewa) vile. Bodi inaonekana kama rangi ya kucha. Mimi nasema kwenye robo maili ile ya mbio, mita 402 tu, bodi ndiyo iliyoamua kama nguvu ya injini itafika kwenye lami au itaishia kuwa moshi wa tairi.

Chukua gari za Willys za milango miwili, za kuanzia 1933 hadi 1941. Gari dogo, jepesi, ekseli ya mbele na ya nyuma zimekaribiana. Vijana wakazinyanyua mbele mpaka ukipita kando unaona uvungu wote. Hayakuwa mbwembwe. Tairi za wakati ule zilishika lami kwa shida, kwa hiyo ukikanyaga mafuta unataka uzito ukalie magurudumu ya nyuma. Uzito ukiwa juu na ekseli zikiwa karibu, unahamia nyuma kwa wingi. Wahandisi wa Chrysler waliojiita Ramchargers walichukua Plymouth ya 1949 wakapandisha injini juu sana. Sura ya gari ile, Mungu anisamehe, ilitisha. Lakini ilikimbia.

Shabiki wa injini:
Mkuu, unatuzungusha. Madaraja ya gasser, yaani magari ya dragi kama hizo Willys, yalipangwa kwa kugawanya uzito wa gari kwa ukubwa wa injini. Ukija na bodi nyepesi unapandishwa daraja, unakutana na wepesi wenzako. Faida iko wapi hapo?

Mleta mada:
Iko kwenye uzito umekaa wapi. Madaraja ya stoku, ya magari yaliyobaki karibu kama yalivyotoka kiwandani, nayo yalipima uzito dhidi ya nguvu za farasi, na humo kuna watu walichagua stesheni wagoni za Chevrolet za 1955 hadi 1957. Gari la kupeleka watoto shule! Ni zito, ndiyo, ila uzito wenyewe, vioo na mabati ya nyuma, umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Daraja likishakusamehe kilo, unabaki na mshiko.

Fundi wa bodi:
Mnasahau nguzo. Chevrolet ya 1955 ilitoka na nguzo katikati ya milango na dirisha la nyuma, na ilitoka hadtopu isiyo na nguzo hiyo. Hadtopu kuukuu ukiipiga jeki kona moja, mlango unaanza kugoma kufunga. Nimeshindana nao kwa mikono yangu. Sasa fikiria injini kubwa inaupinda mwili ule kila ukiachia klachi. Ya kukunja turubai ndiyo kabisa, ilibidi fremu iongezewe chuma cha kukatiza, na uzito ukapanda. Hata Ford walipotengeneza Thunderbolt zao 100 za dragi mwaka 1964, walianzia kwenye Fairlane yenye nguzo, wakaweka fenda na boneti za fibaglasi. Sidhani kama ilikuwa bahati nasibu.

Mpenda kasi:
Mbona hakuna anayetaja upepo? Mwanzo wa mbio Willys inatamba, mwisho wake ni kabati linalosukumwa. Kutoka kilomita 160 kwa saa kwenda 240, nguvu ya kupambana na hewa peke yake inazidi mara tatu. Dereva Ohio George Montgomery alijijengea jina na Willys ya 1933, lakini 1967 alihamia Mustang. Na tairi nazo zilikuwa zimeanza kushika vizuri. Kunyanyua pua kukabaki desturi.

Mleta mada:
Kwa upepo nakubali, kadiri kasi ilivyopanda hesabu ilibadilika. Ila hiyo ni bodi tena, ndugu yangu, unanipigia debe.

Mpenda kasi:
Basi chukua na pikapu ya Dodge A100, ile Little Red Wagon ya 1965. Kichwa kifupi, injini ya Hemi nyuma ya viti. Ilijengwa ishindane, ikawa ukikanyaga tu inasimama kwa magurudumu mawili. Ikaishia kuwa gari la maonyesho. Uzito wa nyuma nao una kiasi chake.

Mleta mada:
Mwaka huohuo wa 1965 Chrysler walisogeza ekseli za Dodge na Plymouth zao mbele, ya nyuma sentimita 38, ya mbele 25, ili mwili wote ukalie tairi za nyuma. NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, wakayakataa kwenye madaraja yao, yakaenda kukimbia kwingine. Kama bodi ni urembo, walikataa nini?

Shabiki wa injini:
Hapo umenibana. Ila usisahau ndani mlikuwa na Hemi.