Wajukuu wa Bi Somoe, Shangani

Da Mwanahawa: Assalaam alaykum. Jumamosi arobaini ya mtoto wa Rukia. Brauni nafanya mimi, za Snickers ndani. Elfu tano tano, mwisho leo.

Da Mwanahawa: Nawaona mmesoma.

Fatu: Waalaykum salaam da. Brauni ndo ile keki iliyogoma kuumuka Idi? 😂

Da Mwanahawa: Brauni haiumuki! Unga kidogo, kakao na siagi ya kutosha, inatoka nzito.

Issa: Kumbe ya Idi ilikuwa brauni 🤣🤣

Fatu: Tulimdhulumu dada wa watu 🤣

Da Mwanahawa: Chekeni. Trei moja: siagi robo kilo, sukari gramu 350, mayai 4, kakao gramu 100, unga gramu 130. Snickers 6 zikatwe, zilale friza ya Issa. Kwa joto la hapa zikiingia laini, karameli yote inakimbilia chini, mtaibandua kwa patasi. Nyuzi 180, kama nusu saa. Kijiti kikitoka kikavu mmeshachelewa, kitoke na chenga mbichimbichi.

Issa: Friza ina pweza.

Zuhura: Jamani Snickers ni karanga tupu. Mwanangu zinamvimbisha midomo, mnajua.

Fatu: Brauni za pweza 🐙🐙 Msimbati hawajawahi kuona

Issa: Tutazifunga mfuko mara mbili, harufu haipiti. Labda.

Zuhura: Nimesema kitu hapo juu.

Da Mwanahawa: Nimeona Zuhura. Wa kwako tutampikia pembeni. Ila trei sina, unajua iko wapi tangu arusi ya Mikindani.

Zuhura: Haya, yameanza.

Da Mwanahawa: Hayajaanza, hayajaisha.

Fatu: 👀

Issa: Mwenye pilau lake aseme, mimi njaa.

*Ujumbe huu umefutwa*

Bibi Somoe: Nimesomewa yote. Shughuli iko kwangu. Mtoto hakai pembeni nyumbani kwangu wenzake wanakula. Karanga zisiingie jikoni. Zuhura, trei niletee mimi, mkononi. Ya Mikindani nilishayasema, sirudii.

Da Mwanahawa: Sawa Bibi.

Rukia: Sawa Bibi 🙏

Issa: Bibi, tutie korosho basi? Gunia lipo.

Zuhura: Korosho hajawahi kula. Msimjaribie siku ya shughuli.

Da Mwanahawa: Basi brauni tupu, chokoleti ya kawaida nitaikatakata. Elfu tano ziko palepale. Ametuma Fatu peke yake.

Da Mwanahawa: Zuhura, trei kesho saa ngapi?

Da Mwanahawa: Zuhura?

(Saa 5:52 usiku)

Mjomba Hamisi: Salaam. Ndo natoka Tandahimba. Snickers nimeshachukua boksi zima, elfu tano yangu msinidai.

Da Mwanahawa: Mjomba soma juu.

Mjomba Hamisi: Juu wapi, kuna maneno kama gazeti. Nazishusha kwa nani?

Issa: Kwangu pana nafasi, pweza tumemla.