Sayansi ya bahari: UDSM, SUA, au nianzie FETA Mikindani?

Binti Shangani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa CBG: Baiolojia C, Jiografia C, Kemia D. Nataka kusomea viumbe wa baharini. Baba ni mvuvi, mama analima mwani Naumbu, hapa Mtwara. Mwalimu ananielekeza UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), mjomba anasema SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), na baba anataka niende FETA (wakala wa mafunzo ya uvuvi) Mikindani ili niwe karibu. Naomba mnilinganishie. Hofu yangu kubwa ni kumaliza shahada bila hata kuloa miguu.

Bamvua
Marahaba mdogo wangu. Alama zinatosha, maana Baiolojia na Kemia peke yake zinakupa pointi 5, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni 4 kwa masomo mawili.

Nimesoma UDSM, nikwambie ilivyo. Mwaka wa kwanza bahari utaiona kwa nadra. Ni kemia, seli na takwimu. Hizo takwimu usizidharau, kwa sababu kazi yetu hasa ni kuhesabu. Maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga) yakipwa, mnashuka kwenye nyasi za bahari. Unalaza fremu ya mraba, unatambua kila aina iliyomo, unakadiria imefunika asilimia ngapi, unaandika, unasogea, unalaza tena. Jua la utosi, maji yanaanza kurudi, na fremu hata moja hairukwi. Jioni ndipo uchambuzi unapoanza. Mimi kazi hiyo naipenda mpaka leo, lakini wenzetu waliotegemea kuogelea na pomboo walikata tamaa mapema.

Jambo jingine, UDSM ndiyo yenye Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, iliyoanzishwa 1978. Ukitaka uzamili, njia unaifahamu tayari.

Mfugaji wa Moro
Mjomba hajakosea, ila amejibu swali jingine. SUA utasomea ufugaji wa viumbe maji: ubora wa maji ya bwawa, vifaranga, chakula, magonjwa. Muda mwingi utakuwa na sato na kambale, na Morogoro hakuna pwani. Fani hii inanilisha na ninaipenda kwa moyo wote. Kama wako uko kwenye matumbawe, utaumia.

Jipime kwa mwani wa mama. Aina iitwayo kotonii ina bei nzuri, lakini wakulima wengi wamebaki na aina ya spinosamu kwa sababu kotonii haistahimili maji yakipata joto: inapauka, inalegea, inakatika kwenye kamba. Unatamani kujua kwa nini inakufa? Nenda UDSM. Unatamani kuipeleka kwenye kina kirefu zaidi, ipone na iuzike? Karibu SUA.

Nahodha Mikindani
Binti yangu, mimi nimepita FETA. Huku ni kazi ya mikono: nyavu, mashine za boti, kuhifadhi samaki, usalama baharini. Kuloa utaloa mapema sana. Kijana aliyeishia kidato cha nne namleta huku bila kusita, na stashahada yenye GPA ya 3.0 itampeleka shahada baadaye. Wewe shahada unaingia moja kwa moja, sasa kuanzia huku ni kujiongezea miaka. Mwambie baba nimesema mimi, mvuvi mwenzake.

Mwana Kilwa
Naongeza la huku Lindi. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walipata silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Ndiyo maana nasema utafiti wako wa mwaka wa mwisho uurudishe kusini. Mna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye mikoko, nyasi na matumbawe mahali pamoja. Wewe unaweza kukaa na wavuvi wa Msimbati wakakwambia mambo ambayo mgeni hataambiwa.

Kuhusu ajira, hifadhini nafasi ni chache. Tazama pia halmashauri, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), na kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kuwa gesi inachimbwa Mnazi Bay na Songo Songo. Na ujifunze kupiga mbizi, usingoje chuo.

Binti Shangani
Asanteni sana. Kilifi je, Chuo Kikuu cha Pwani?

Bamvua
Wana shahada ya biolojia ya bahari na uvuvi, tena bahari iko jirani. Piga hesabu ya ada na nauli kutoka Mtwara kwanza.

Binti Shangani
Hapo tumeshindwa. Baba amesoma maneno ya Nahodha, amekubali. Naweka UDSM ya kwanza, SUA ya pili. Kaka Bamvua, takwimu nianzie wapi?

Bamvua
Mimi ni dada yako, usijali. Tafuta kipimajoto na daftari. Kila mama akishuka shambani, pima joto la maji saa ileile, hesabu vifundo vilivyokatika kwenye kamba zilezile, andika na tarehe. Kisha tafuta wastani wa kila bamvua na uchore grafu. Ukikwama, niandikie hapahapa na picha ya ukurasa.