Mbwa anapobaki nyumbani peke yake: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naomba wenye mbwa tukutane hapa.

Wengi wetu tunatoka asubuhi na kurudi jioni, mbwa anabaki na nyumba. Anafanya nini muda wote huo? Simaanishi tunavyodhani. Leteni kile mlichokiona wenyewe, mlichokirekodi au mlichoambiwa na jirani.

Nimeanzisha mada hii kwa sababu mbwa wengi wanagawiwa watu, au wanafungwa mnyororo kutwa, kwa kosa la "ukorofi", kumbe mnyama ana hofu ya kuachwa. Wangu ni jike, anaitwa Asali. Alikuwa akikwangua mlango wa mbele mpaka rangi inabanduka. Nikaegesha simu ya zamani juu ya kabati ikirekodi, nikaondoka kama kawaida. Nilichokiona kwenye ile video kilinitoa machozi. Alianza kwa kulaza pua kwenye upenyo wa chini ya mlango. Baadaye akawa anazunguka, mlangoni, dirishani, mlangoni tena, huku anatweta ingawa hapakuwa na joto, na udenda unamtoka mpaka kifua kimelowa. Kipande cha nyama nilichomwachia alikipita bila hata kukinusa. Alikila niliporudi, tena kwa pupa.

Ninachotaka kukisisitiza ni hiki: angalieni nusu saa ya kwanza. Mbwa mwenye hofu huanza mapema, mara nyingi kabla hujafika mbali, na makucha yake huelekea kwenye mlango ulioondokea. Aliyechoshwa na upweke hulala kwanza, akiamka ndipo anatafuta kazi: mto, kiatu, ndoo ya taka. Ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwenzake hutafika popote. Kwa hiyo ukisimulia, tuambie wako alianza muda gani na alishika nini.

Mkaa Ghorofani

Mkuu, ongeza na aina ya tatu. Majirani walinilalamikia kwamba mbwa analia kutwa nzima, na mimi nikaamini ana hofu ya kuachwa. Nilipomrekodi nikakuta nikifunga mlango tu anapanda kwenye mkeka wake na kulala. Shida ilikuwa ngazi. Kila mtu akipita kwenye korido, anaruka na kubweka mpaka nyayo zinyamaze, kisha anarudi kulala. Mpita njia mwingine, hivyohivyo. Sasa jengo letu lina watu wengi, hesabu mwenyewe.

Huyo hakuhitaji kubembelezwa, alihitaji asisikie. Nimehamishia malazi yake chumba cha nyuma, mbali na mlango wa korido, nikafunga mlango wa katikati, na redio naiacha kwa sauti ya chini kwenye kituo cha mazungumzo. Vioo vya chini vya dirisha nimevibandika karatasi ya ukungu ili asione watu wanaopita. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mtu mzima ambaye alikuwa mkali kweli, juzi aliniuliza kama mbwa bado ninaye.

Mwanzisha mada

Hii ni muhimu sana na sikuwa nimeitaja. Kwa jirani anayesikia tu, kilio cha hofu na kubweka kwa ulinzi ni kelele zilezile. Bila video ungemfundisha kitu ambacho hakimhusu.

Mama Pacha

Mimi naomba niwasemee watoto wa mbwa. Watu wanaleta mtoto wa miezi miwili, wanamfungia kutwa, halafu wanashangaa nyumba inanuka. Kibofu chake bado hakina nguvu hiyo. Kipimo nilichopewa na wafugaji wazoefu, na kwangu kimefanya kazi, ni takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi mitatu ukimwacha zaidi ya saa tatu atakojoa ndani tu, na hapo hana kosa. Kwa hiyo kabla ya kumleta, jua nani atakuja mchana. Kwetu ni binti wa jirani. Anakuja, anamtoa nje, anacheza naye kidogo, anamrudisha na kufunga.

La pili: kubaki peke yake nako hufundishwa, na kunaanza ukiwa ndani ya nyumba. Wetu tulimzoesha kwa kufunga mlango wa bafu. Mtoto anakufuata kila uendako, basi ingia bafuni, funga, oga, toka bila kumshangilia. Siku nyingine nenda jikoni, funga. Anajifunza kwamba mlango ukifungwa hufunguliwa. Wanaokaa na mtoto wa mbwa likizo nzima bila kumwachia hata dakika, halafu likizo ikiisha wanamfungia siku nzima, wanamkuta na mshtuko mkubwa. Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani, mbwa wengi walikua hawajui nyumba isiyo na mtu, na kazi ziliporudi wenye mbwa hao walipata tabu.

Msema Kweli

Mimi natofautiana nanyi. Wangu nikikuta kaharibu namchapa, na anajua kabisa kosa lake. Ukifungua mlango tu unamwona: kafyata mkia, masikio chini, macho pembeni. Asiyejua kosa hawezi kuwa hivyo.

Tabibu wa Wanyama

Ndugu Msema Kweli, nakuelewa, uso huo nauona kila wiki kazini. Lakini ulishapimwa. Mtafiti wa tabia za mbwa, Alexandra Horowitz wa New York, alichapisha jaribio mwaka 2009. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa ametii au amekula. Mara nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ule uso wa "nimekosa" ulifuata karipio, haukufuata kosa. Mbwa ambaye hakula lakini akakaripiwa aliuonyesha zaidi hata ya aliyekula.

Kwa hiyo unachokiona mlangoni ni mbwa anayesoma uso wako, hatua zako na jinsi ulivyotupa funguo. Mto aliuchana saa nne asubuhi, fimbo imefika jioni. Yeye anachounganisha ni fimbo na kurudi kwako. Kama tatizo lake ni hofu ya kuachwa, sasa ana hofu mbili: ya wewe kuondoka na ya wewe kurudi. Kesho yake uharibifu utaongezeka.

Msema Kweli

Sawa daktari, hilo la jaribio sikulijua. Sasa nikikuta mto umechanwa nifanye nini?

Tabibu wa Wanyama

Mtoe nje ajisaidie, msalimie kwa utulivu, kusanya pamba na unyamaze. Halafu fanya alivyosema mwanzisha mada: mrekodi kesho, uone alianza saa ngapi. Akionekana amelala kwanza na kuamkia mto, mtembeze vya kutosha kabla hujaondoka na umwachie kitu cha kutafuna au cha kulamba chenye chakula ndani. Mbwa mzima hulala sehemu kubwa ya siku, kiasi cha saa 12 hadi 14 kati ya 24, kwa hiyo ukimchosha asubuhi umeshapunguza nusu ya kazi.

Zamu ya Usiku

Wangu alikuwa wa hofu hasa, kama Asali, nami nitaeleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaachia njiani.

Kwanza niligundua kwamba hofu haikuanza mlango ulipofungwa. Ilianzia kwenye funguo. Nikizigusa tu, anasimama, anaanza kutweta. Viatu vya kazini vilikuwa na maana hiyohiyo, na begi pia. Nikaanza kuviharibia maana. Nachukua funguo, nakaa kwenye kochi nazo nikiangalia runinga. Navaa viatu vya kazini, naosha vyombo. Nabeba begi mpaka mlangoni, narudi, naliweka chini. Mwanzoni alinifuata kila hatua, macho kodo. Ikafika siku funguo zinalia na yeye hata kichwa hainui.

Hapo ndipo tukaenda mlangoni. Kufungua na kufunga bila kutoka. Kutoka na kurudi papo hapo. Kusimama nje kwa pumzi kadhaa. Siri ni kurudi kabla hajaanza kuhangaika. Ukisubiri mpaka alie ndipo uingie, umemfundisha alie. Usiongeze muda kila mara pia. Leo dakika tano, kisha moja, kisha nane, kisha mbili, ili asijue kwamba kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita.

Sehemu ngumu ni hii, na ndipo wengi wanapokwama: kipindi chote cha mafunzo asiachwe kwa muda unaomzidi. Ukimfundisha dakika kumi jioni, halafu asubuhi ukamfungia kwa muda wa saa tisa, umebomoa ulichojenga. Nilibadilishana zamu na wenzangu, siku nyingine alishinda kwa mama, siku nyingine kaka yangu alikuja kulala kwangu mchana. Ilichukua miezi, na kuna kipindi aliugua tukarudi nyuma karibu mwanzo. Lakini sasa naondoka kwa zamu nzima ya usiku, dada yangu anapita kati kumtoa nje, na video inaonyesha mbwa amelala chali.

Jambo moja la nyongeza. Nilishauriwa nilete mbwa wa pili awe rafiki yake. Ndugu yangu alijaribu hilo kwa wake, akawa na wawili, mmoja analia na wa pili anamtazama. Mbwa wa namna hii anamlilia mtu wake, mbwa mwenzake hazibi pengo hilo.

Fundi Selemala

Kizimba je? Wengine wanasema mfungie kwenye kizimba usahau.

Zamu ya Usiku

Kwa aliyezoeshwa taratibu, akala na kulala humo mlango ukiwa wazi, kizimba ni chumba chake. Kwa mwenye hofu ya kuachwa ni hatari. Wangu alijaribu kuzing'ata nyaya, akatoka damu kwenye fizi. Sikurudia tena. Na wanaotumia kizimba, mvueni ukosi kwanza. Ukinasa kwenye nyaya mbwa akiwa peke yake hakuna wa kumnasua.

Mlezi wa Chui

Wetu anakaa uani kwa hiyo hayo ya milango hatunayo, ila uani nako kuna mambo yake. Mbwa wa nyumba ya jirani yetu alikuwa anafungwa kwenye mti. Asubuhi mti una kivuli kizuri na ndoo ya maji iko pembeni. Kufika adhuhuri kivuli kimehama, na yeye amezunguka mti mpaka mnyororo umeisha, ndoo anaiona lakini haifikii. Mke wangu alimsikia anahema kwa sauti ya ajabu, akachungulia juu ya ukuta, akamkuta ulimi umekuwa mwekundu sana na miguu inamlegea. Tuliruka, tukamfungua, tukammwagia maji tumboni na kwenye miguu, tukampepea, tukampeleka kutibiwa. Alipona.

Tangu siku hiyo wa kwetu hafungwi. Uzio umezibwa vizuri, maji yako sehemu mbili tena kwenye vyombo vizito visivyopinduka, na kibanda kiko upande ambao hauchomwi na jua la mchana.

Tabibu wa Wanyama

Mlezi wa Chui, mlifanya jambo sahihi kabisa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana tezi chache tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kutweta, na hewa ikiwa ya moto kutweta hakutoshi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39; likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wenye pua fupi, kama buldogi, huzidiwa mapema zaidi. Kwa sababu hiyohiyo gari lililoegeshwa si mahali pa kumwacha mbwa, hata vioo vikiwa vimeshushwa kidogo.

Na kabla ya kufunga mlango, tazama sakafu kwa macho ya mbwa. Soksi humezwa na kuziba utumbo. Nimezitoa kwa upasuaji. Mfuko wa plastiki wa vitafunio huvutwa kichwani, naye akivuta pumzi unambana. Chokoleti, zabibu, vitunguu na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, hivyo usimwachie kama kiburudisho.

Mhasibu

Swali langu dogo: kwa mbwa mzima, saa ngapi ndiyo mwisho?

Tabibu wa Wanyama

Saa nne hadi sita ni sawa kwa mbwa mwenye afya aliyezoea. Nane ni nyingi bila mtu kupita kati. Nchini Uswidi kanuni zinataka mbwa mzima anayefugwa ndani wakati wa mchana asipitishe zaidi ya muda wa saa sita bila kutolewa nje. Watafiti wa hukohuko mwaka 2011 waliwarekodi mbwa wasio na tatizo lolote la kuachwa, wakiwa peke yao kwa nusu saa, saa mbili na saa nne. Muda mwingi walilala tu, lakini waliopitisha saa mbili au nne waliwapokea wafugaji wao kwa msisimko mkubwa kuliko walioachwa nusu saa. Kulala kwake hakumaanishi kwamba hana hamu nawe.

Bibi Mlezi

Wanangu, poleni na kazi. Mbwa wangu ni mzee, ana miaka 13. Maisha yake yote alikuwa anabaki bila shida. Tangu hivi karibuni nikienda hata sokoni nakuta amekojoa, na majirani wanasema analia. Je, naye nimfundishe kwa funguo?

Tabibu wa Wanyama

Shikamoo bibi. Kabla ya funguo, mlete apimwe. Kwa mbwa mzee, tabia ikibadilika ghafla naanza na mwili: figo, kisukari, maumivu ya viungo, kusikia na kuona kupungua. Akili nayo huzeeka, anaweza kuchanganyikiwa ndani ya nyumba aliyoizoea. Yapo matibabu, na kwa hofu kali zipo pia dawa za kutuliza zinazotolewa kwa mbwa, kama fluoxetine na clomipramine, ila hupewa kwa kipimo chake na pamoja na mafunzo. Tafadhali usimpe vidonge vya watu vilivyopo nyumbani. Paracetamol peke yake inaweza kumuua.

Ukija, kinga mkojo wake wa asubuhi kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, na mwambie mjukuu akurekodie nusu saa ya kwanza baada ya wewe kutoka.

Bibi Mlezi

Marahaba mwanangu. Mjukuu yupo na simu anayo. Jumatatu tutakuja.