Naomba ushauri: kielekezi cha kichwa cha IP kinabaki hewani ndani ya moduli yangu ya kerneli

MwanagenziWaKerneli

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaandika moduli ndogo ya kerneli ya Linux inayojishika kwenye netfilter, sehemu ya kerneli inayoruhusu pakiti zinazopita zikaguliwe. Kazi yake ni kukagua pakiti za UDP zinazobeba itifaki ya mradi wetu na kuyaandika mazungumzo katika jedwali, ambamo kila ingizo lina kipima muda cha kulifuta likikaa kimya kwa sekunde 30. Mwanzoni mwa funksheni ninachukua kielekezi (pointer, yaani anwani ya mahali katika kumbukumbu) cha kichwa cha IP kwa ip_hdr na kukihifadhi, halafu ninaita pskb_may_pull ili kuhakikisha kwamba baiti ninazozihitaji zimo katika sehemu ya mbele ya bafa, kisha ninasoma anwani ya mtumaji kwa kielekezi kile kile. Kwenye kompyuta yangu moduli ilifanya kazi wiki mbili bila tatizo. Tulipoipeleka kwenye seva yenye kadi ya mtandao ya aina nyingine, jedwali lilianza kujaa anwani ambazo hazimo popote katika mtandao wetu, na jana seva nzima ilianguka wakati ninaiondoa moduli. Je, hili ni kosa moja au mawili, na niandike vipi ili lisirudi?

FundiWaPakiti

Ndugu mleta mada, ni makosa mawili, nami nitaligusa la kwanza tu, la anwani ngeni. Si lazima pakiti yote ikae mahali pamoja ndani ya skb, muundo ambao kerneli hutumia kuibeba pakiti: kuna sehemu ya mbele iliyonyooka, na data inayobaki inaweza kuwa katika kurasa za kumbukumbu zilizo kando. Ukiita pskb_may_pull na baiti ulizoomba tayari zimo mbele, funksheni hurudi bila kugusa chochote, na nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye kompyuta yako. Zisipokuwamo, huvutwa mbele. Na kama nafasi mwishoni mwa bafa haitoshi, au data inashirikiwa na nakala nyingine ya skb, kerneli hutenga bafa mpya, huhamishia data humo na kuiachilia ile ya zamani. Kielekezi chako hakipewi taarifa. Kinaendelea kuonyesha nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama, na mpangaji mpya ndiye unayemsoma kama anwani ya mtumaji.

Dawa ni kuita ip_hdr upya baada ya kila wito unaoweza kuihamisha bafa: pskb_may_pull, skb_linearize, skb_cow, skb_ensure_writable na jamaa zake. Wito huo ni rahisi, kwa sababu skb huhifadhi umbali wa kichwa kutoka mwanzo wa bafa, na anwani hukokotolewa pale unapoihitaji. Jihadhari zaidi na funksheni zako mwenyewe zinazoita pskb_may_pull kwa ndani, maana anayesoma msimbo kutoka juu hawezi kulijua hilo. Mimi huzipa jina lenye neno "pull" ili anayeziita ashtuke. Na kama unasoma tu bila kuandika, tumia skb_header_pointer, ambayo hunakili baiti katika bafa ndogo unayoipa pale zinapokuwa zimetawanyika, wala haihamishi kitu.

Nahodha_wa_Usiku

Naongezea jambo moja. Pale bafa inapohamishwa kwa sababu ya nakala nyingine, ile ya zamani haifi papo hapo, kwa hiyo kielekezi kibovu kitasoma anwani sahihi kabisa, na jaribio lako litapita. Ndiyo maana KASAN, kifaa cha kerneli cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, kilichomo katika Linux tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, ni ya lazima lakini haitoshi peke yake. Tena draiva nyingi hukata bafa za pakiti kutoka katika ukurasa mmoja mkubwa, na KASAN haioni kipande kimoja kikiachiliwa hadi ukurasa wote uachiliwe.

Katika toleo la majaribio mimi hulazimisha uhamisho: ninaita pskb_expand_head ninapoingia tu kwenye funksheni, kisha ninaiita tena baada ya kila pskb_may_pull. Wito wa kwanza huipeleka data katika bafa ambayo KASAN inaifuatilia, na unaofuata huiachilia bafa hiyo. Kielekezi cha zamani kikiguswa, ripoti huonyesha mahali kilipoguswa, kumbukumbu ilipotengwa na ilipoachiliwa.

BintiKompaila

Mimi nashika la pili, la seva kuanguka. Bila shaka unaondoa ingizo kwa del_timer kisha kfree. Wito wa del_timer haumngojei mshughulikiaji (funksheni inayoitwa muda ukiisha) anayeendelea kukimbia katika prosesa nyingine, na moduli ikishaondoka hata msimbo wake unakuwa umefutwa. Tumia timer_shutdown_sync, iliyopo tangu toleo la 6.2, ambayo humngoja na pia humzuia kipima muda asiwashwe tena. Ila usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo mshughulikiaji analihitaji. Halafu toa ingizo kwenye jedwali kwa hlist_del_rcu na uliachilie kwa kfree_rcu (RCU ni utaratibu wa kerneli wa kungoja wasomaji wamalize kabla ya kuachilia), kwa sababu pakiti inayopita wakati huo inaweza kuwa imeshika kielekezi chake.

Swali la nani mwenye haki ya kuachilia si dogo. Kosa la usalama lililosajiliwa kama CVE-2017-6074 katika msimbo wa Linux wa itifaki ya mtandao ya DCCP, lililogunduliwa na Andrey Konovalov, lilikuwamo tangu mwaka 2005: upande mmoja uliihifadhi skb na kuongeza hesabu ya watumiaji wake, upande wa pili ukaiachilia kwa nguvu kwa __kfree_skb bila kuitazama hesabu hiyo. Marekebisho yaliweka consume_skb, ambayo hupunguza hesabu kwanza.

MwanagenziWaKerneli

Nashukuru sana. Kwa mbinu ya Nahodha, ripoti ilitoka kwenye pakiti ya kwanza kabisa, na mstari ulikuwa ule ule wa anwani ya mtumaji. Swali la mwisho: baadhi ya maingizo ninayaachilia kwa call_rcu, kwa kuwa kuna hesabu ya kupunguza kwanza. Je, synchronize_rcu inatosha wakati wa kuondoa moduli?

BintiKompaila

Haitoshi, kwa kuwa haingojei kazi zilizokwisha kupangwa kwa call_rcu zimalizike. Ita rcu_barrier, baada ya kujiondoa kwenye netfilter na kuvizima vipima muda vyote.