Boti la pamoja na watu msiojuana: Kisite, Watamu au Lamu?

Syokimau_Nne
Wadau, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoijua bahari. Tuko wanne, tunatoka Nairobi Alhamisi usiku na kurudi Jumatatu. Hatutoshi kukodi boti peke yetu, kwa hivyo ni kujiunga na kundi la wageni wengine. Tumebaki na safari tatu: siku nzima kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini kupitia Shimoni, boti la kioo (sakafu yake ni kioo) Watamu pamoja na mikoko ya ghuba ya Mida, au dau la Lamu kwenda magofu ya Takwa na kisiwa kidogo cha Manda Toto. Wawili hawajui kuogelea, na mmoja hutapika hata ndani ya matatu ya Ngong. Ipi inatufaa, na kwa kawaida huharibika wapi?

Bamvua_SouthB
Kabla ya bei na kabla ya picha, tuambie tarehe. Safari hizo tatu hazitaki maji ya aina moja, na hapo ndipo watu wengi wa bara hupoteza pesa.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili baada ya hapo, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi jioni na kitu. Tofauti ya kina hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka: asubuhi ndipo maji hujaa, ila tofauti ni kama mita 1 tu.

Sasa pimeni safari zenu kwa hiyo. Kisite inataka bamvua. Maboti hung'oa nanga Shimoni mnamo saa tatu, na mkifika mwambani maji yanamalizia kupwa: fungu la mchanga limejitokeza, samaki wako karibu na macho, na mkondo umetulia kwa muda kabla ya maji kugeuka. Mkifika katikati ya kupwa au ya kujaa, mkondo unawasukuma, na asiyejua kuogelea anabaki kuning'inia kwenye ngazi.

Watamu nayo inapenda bamvua, kwa sababu asubuhi mnaona matumbawe, na jioni maji yakijaa mnaingia Mida kwa mtumbwi katikati ya mikoko. Mtu akiwauzia Mida saa tano asubuhi siku ya mwezi mpevu, anawauzia matope.

Takwa ndiyo ngumu kuliko zote. Magofu yako ndani ya kisiwa cha Manda, na njia ya boti ni mkono mwembamba wa bahari unaopita kwenye mikoko. Siku ya bamvua, ingieni baada ya saa nane mchana na mtoke kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mkichelewa, dau linakaa chini na mtasubiri maji mengine usiku. Siku za maji mafu asubuhi inawezekana, lakini maji ni haba, kwa hivyo ulizeni kama dau ni dogo.

Asiyejua kusoma jedwali la maji atazame kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua.

Kusi_na_Kaskazi
Bamvua_SouthB, hayo ya maji ni sahihi, lakini upepo unatangulia. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, hata bamvua nzuri haisaidii Watamu: wimbi linachafua maji na boti la kioo linakuonyesha ukungu wa mchanga. Kisite ina nafuu kidogo kwa kuwa mlango kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa, ila mkishatoka nje ya kisiwa mtalowa. Aprili na Mei mvua ya masika huleta udongo baharini na waendeshaji wengi hupumzisha maboti. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya maji ya kioo, ingawa Desemba kundi la watu 12 hugeuka 30.

Lamu ndiyo yenye kinga zaidi kwa sababu mnasafiri katikati ya visiwa. Kama ni nyangumi mnaotaka, Julai hadi Septemba, upande wa Watamu, na hapo hamtafuti maji ya kioo bali boti lenye injini mbili na nahodha mvumilivu.

Foromali
Niongeze kuhusu vyombo, maana "boti la pamoja" ni maneno yanayoficha mengi.

Kisite mtapandishwa jahazi la injini lenye kivuli, au boti la faiba. Jahazi ni zito, haliyumbi sana, lina nafasi ya kulala mgonjwa, lakini linabeba watu wengi na ngazi ni moja. Hesabu ni rahisi: watu 30 wakishuka majini kwa ngazi moja, dakika 20 zimeisha kabla wa mwisho hajalowa. Faiba ni la kasi, linapiga mgongo, lina watu wachache. Kwa mtu wa kutapika chagueni jahazi na akae katikati kuelekea tezi (nyuma), si omo (mbele). Omo ndiyo inayopanda na kushuka.

Dau la Lamu ni kitu kingine. Hapo abiria ni sehemu ya chombo. Upepo ukiwa wa mbele nahodha anapiga bisha: foromali, yaani mti unaobeba tanga, inazungushwa, tanga linahamia upande wa pili, mabaharia wanahamisha viroba vya mchanga ambavyo ndivyo farumi, uzito wa kusawazisha chombo, na nyinyi mnaambiwa mhamie ubavu wa juu. Mkiwa wageni msiojuana, mmoja akikataa kusimama chombo chote kinalala. Pia kuna maji ya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo: yatakuwepo, hata chombo kizuri huvuja kidogo kwenye kalafati (pamba inayoziba nafasi za mbao), na baharia atayafua, yaani atayatoa, kwa kopo. Hilo si la kuogopesha. La kuogopesha ni kuona anafua bila kupumzika hata kabla hamjaondoka. Hapo shukeni.

Chombo chochote, ulizeni cheti cha ukaguzi cha KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya) na idadi ya abiria iliyoandikwa humo, mkahesabu vichwa. Jaketi la kuokolea mlivae mkiwa gatini: funga mikanda yote, kisha mwenzako ashike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litakuacha. Kwa wasiojua kuogelea swali ni moja: kiongozi wa majini anashika watu wangapi? Sita kwa mmoja ni sawa. Kumi na watano kwa mmoja, wabaki botini.

Leso_Mbili_Umoja
Ya akina mama mmeyaruka. Madau ya Lamu mengi hayana choo. Majahazi makubwa ya Kisite mara nyingi yanacho, lakini ulizeni kwa maneno hayo hayo: "Choo kipo ndani ya chombo?" Leso mbili kwa kila mtu, moja ya kubadilishia nguo na moja ya kujifunika mkifika kijijini. Wasini ni kijiji cha Waislamu, njia zake ni za miguu, hakuna magari. Hamwingii na nguo ya kuogelea, na pombe muiache mlikotoka. Mwezi wa Ramadhani ulizeni mapema kama chakula cha mchana kipo na kinaliwa wapi.

Chakula cha Wasini ni kaa, samaki wa kuchoma, wali wa nazi. Mwenye mzio wa kaa aseme siku ya kulipa, si mezani, kwa sababu mchuzi hupikwa kwa sufuria moja ya kundi zima. Msiache kwenda kwenye bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Kinamama wa Wasini wameijengea daraja la mbao juu ya mikoko, na kiingilio kinabaki kwao. Safari nyingi za pamoja huiruka kwa kukosa muda. Ulizeni kama imo.

Mtu wa kutapika: kidonge cha sinarizini kimezwe saa mbili kabla ya kupanda, kwa kipimo cha mfamasia. Akingoja hadi aanze kutapika ndipo ameze, atakitapika nacho. Asubuhi ale mkate mkavu na chai ya tangawizi, aache mahamri ya mafuta na maziwa.

Reli_na_Barabara
Kufika. Treni ya usiku inatoka Syokimau saa nne na inafika Miritini, steshoni ya Mombasa, kabla ya saa kumi alfajiri. Fikeni steshoni angalau saa moja mapema, ukaguzi wa mizigo una foleni. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Kutoka Miritini, barabara ya Dongo Kundu inawatoa hadi Kwale, upande wa Shimoni, bila kugusa feri ya Likoni. Watamu ni zaidi ya kilomita 100 kaskazini, geuzeni Gede.

Msiunganishe treni ya usiku na bahari asubuhi hiyo hiyo. Mwili usiolala hutapika upesi.

Lamu kwa siku nne ni ndege kutoka Wilson hadi Manda, kisha boti la kuvuka. Barabara ya Minjila hadi Mokowe imekuwa na visa vya usalama, na basi litawamalizia siku mbili kati ya nne. Hilo peke yake linaitoa Lamu kwenye orodha yenu, isipokuwa mna pesa ya ndege.

Jambo moja la wanaotoka Nairobi: mkishawishiwa kuzamia kwa mtungi wa hewa, subirini saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo hata treni na basi vinawapandisha. Pumzikeni siku nzima kwanza. Kuogelea juu juu kwa miwani na mrija hakuna shida hiyo.

Syokimau_Nne
Asanteni sana. Ni Oktoba, na Ijumaa yetu inaangukia tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Naona Kisite Jumamosi. Tuulize nini kabla ya kutuma pesa? Na mmoja wetu ana rasta nene, miwani ya majini itashika?

Bamvua_SouthB
Jumamosi ni tarehe 16, bamvua kamili. Lipieni Jumamosi, na mwandikiane kwamba bahari ikichafuka mnahamia Jumapili. Maji yatachelewa dakika 50 tu, bado yanafaa. Kwenye bei ulizeni kama ada ya KWS (shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi) imo. Hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na viwango vya raia, mkazi na mgeni ni tofauti, kwa hivyo kila mtu abebe kitambulisho chenyewe. Ulizeni pia usafiri wa kutoka Diani unaokota hoteli ngapi. Mkiokotwa wa kwanza kati ya nane, mtazunguka na gari wakati maji yanapwa. Na nahodha anafanyaje akiona pomboo? Anayefaa hupunguza mwendo na kwenda sambamba nao. Anayeahidi kuwakimbiza hadi wawafikie, mwacheni.

Foromali
Rasta si tatizo, tatizo ni nywele zinazopita chini ya mpira. Afunge zote nyuma na chini, kisogoni, ukanda wa miwani ukae juu ya fundo. Kabla ya kushuka aweke miwani usoni bila ukanda, avute hewa kwa pua na aachilie mkono. Ikishika yenyewe kwa kuhesabu tano, inamfaa. Ikianguka, apapase kwenye paji la uso. Mara nyingi ni unywele mmoja tu. Masharubu nayo huvujisha hivyo hivyo, chini ya pua, na mafuta kidogo ya mgando huziba. Ndani ya kioo atemee mate, asugue kwa kidole, asuuze mara moja kwa maji ya bahari, kisha asiivue tena hadi atoke.